Mwaka Nilioogopa Kumgusa Mama

Shangazi Zaituni tulimzika siku ya Ijumaa, na Jumatatu nyumba yake ya mtaa wa Satellite ilikuwa bado imejaa wanawake. Walikaa mikekani sebuleni, wameegemea ukuta, juzuu mikononi, na kisomo chao kilipanda na kushuka mpaka nikahisi kinanigonga kwenye meno. Nikainuka taratibu, nikaingia stoo, kile chumba chembamba kilicho nyuma ya jiko, nikarudisha mlango. Hakuna aliyeshangaa. Nina mvi sasa, na jamaa zangu wameshazoea kwamba penye shughuli yoyote Rehema hupotea kidogo, kisha hurudi. Nikiwa humo nikasikia sufuria ikianguka jikoni, mtoto akikimbia, na mama yake akimfokea: "Huyu mtoto atanitoa roho!" Wenzake wakacheka. Hata mama yangu, aliyekuwa amekaa nao akimenya vitunguu vya pilau, mzee kuliko marehemu mwenyewe, naye alicheka. Mimi viganja vilinitoka jasho. Nilikuwa nimesimama pale pale niliposimama nikiwa na umri wa miaka minane, nilipoyasikia maneno yale kwa mara ya kwanza, na mwaka ule ukanirudia wote kwa mpigo.

Neno usonji lilinifikia nikiwa mtu mzima, mtoto wangu mwenyewe keshaanza shule, na daktari aliyempima mwanangu akanigeukia mimi na kuanza kuniuliza maswali yale yale. Mwaka ninaousimulia, neno hilo halikuwamo katika nyumba yetu. Palikuwa na kiburi, palikuwa na uziwi, palikuwa na jini, kutegemea nani anazungumza. Kwa nini mimi na Mama tulihamia kwa shangazi si habari ya leo. Itoshe kusema kwamba tulihama ghafla, na sauti yangu haikuhama nasi. Watu hudhani mtoto asiyesema hana maneno. Mimi nilikuwa nayo, tena mengi. Ila kila nilipotaka kuyatoa, kinywa kilikuwa kama mlango wa nyumba ya watu, sikujua unafunguliwaje. Shangazi alinipigia makofi nyuma ya kichwa kujaribu masikio yangu. Niliyasikia makofi, nikaisikia pia ile taa ndefu ya sebuleni ikivuma kama nyuki ndani ya kopo, nikasikia maji yakipita ukutani jirani alipofungua bomba. Nilikuwa nasikia kupita kiasi, na kwa kuwa nilisikia kila kitu sikujua kipi kati ya hivyo vyote ndicho nilichotakiwa kujibu.

Mahali pangu palikuwa stoo. Palikuwa na gunia la mchele, na nilikuwa natia mikono ndani hadi viwikoni, nikaiacha humo. Punje zilinibana pande zote kwa uzito mmoja, na kichwa kikatulia. Chakula changu kilikuwa wali mweupe, na mchuzi kwenye bakuli lake, mbali. Mchuzi ukichuruzika ukagusa wali, sahani yote ilikuwa imeharibika. Hayakuwa madeko. Nilikuwa sijui tena ninachotia mdomoni ni nini, na kutojua huko kulinitisha kama ambavyo ungetishika wewe ukiambiwa ule gizani kwa mkono wa mtu usiyemfahamu. Mama alijua. Alikuwa akinipakulia mwenyewe, akilisukuma bakuli la mchuzi hadi ukingoni mwa meza. Shangazi alikuwa akitazama, kisha akimwambia, "Wifi, huyu unamlea au unamwabudu?"

Mchana mmoja walikuwa wakikunja sambusa. Asubuhi ya siku hiyo tulikuwa mjini, kwenye duka la shangazi la vitambaa, na mteja mmoja alinifinya shavu kwa mapenzi. Nilijitupa sakafuni nikapiga mayowe mpaka watu wakasimama mlangoni kutazama. Basi nilikuwa stoo, mikono mcheleni, mlango umerudishwa, nikawasikia. Shangazi alisema, bila ukali, kwa sauti ya mtu anayemwonea mwenziwe huruma: "Nakwambia kweli, wifi. Huyu mtoto atakutoa roho."

Niliisikia manda ikikunjwa. Kisha Mama akasema, "Keshanitoa, wifi yangu. Imebaki kidogo tu."

Kwangu mimi neno lilikuwa kitu, kama kijiko. Kijiko ni kijiko. Hakiwi kingine kwa sababu aliyekishika amechoka. Na kwa bahati mbaya nilijua jinsi roho inavyotoka, kwa sababu wiki hiyo hiyo Ustadhi Bakari, aliyetufundisha madrasa, alikuwa ametueleza. Alisema Malaika Izraili huichomoa roho kuanzia miguuni. Miguu hufa kwanza, roho ikapanda magotini, ikapanda kifuani, ikafika kooni, na ikishapita koo hairudi tena. Watoto wengine walicheka na kubinyana. Mimi niliyabeba kama yalivyo. Jioni ile Mama alivua viatu, akakaa kitandani, akajikanda nyayo na kusema, hakumwambia mtu yeyote, alisema tu kama watu wanavyosema: "Loo, miguu yangu imekufa ganzi."

Imekufa. Nilisimama pembeni ya kabati nikaitazama miguu ile. Ilikuwa imevimba, rangi imebadilika kidogo. Kwa hiyo ni kweli. Kwa hiyo imeshaanza, na ninayeifanya ni mimi, ila sijui naifanyaje.

Nilikaa na swali hilo kama mtu mzima anavyokaa na kesi mahakamani. Ni lini roho inatoka? Nikaona inatoka ninapolia, kwa sababu nilipolia Mama alishika kifua. Nikaona inatoka ninapomgusa, kwa sababu akinibeba huhema na kusema "ah, nguvu zinaniisha." Basi nikaacha kulia. Nilipofinywa, nilipokemewa, sufuria ya mvuke ilipopiga firimbi jikoni, niliuma mkono wangu karibu na kifundo mpaka kilio kikarudi ndani. Nikaacha kumgusa. Akija kunivika nguo nilikimbia. Akinyosha mkono niliusukuma. Tulikuwa tukilala kitanda kimoja; nikahamia sakafuni, nikajisogeza hadi ukutani ili pumzi yangu isimfikie. Asubuhi akiniamkia, "Umeamkaje, mwanangu?" niligeuza uso. Na ajabu iliyonitia hofu zaidi ni kwamba, kadiri nilivyojitenga, ndivyo alivyozidi kunyong'onyea. Alikonda. Akawa anakaa jikoni baada ya chakula bila kuondoa sahani. Siku moja nikamsikia akimwambia shangazi, "Hanitaki. Mwanangu mwenyewe hataki hata nimshike mkono." Halafu akasema, "Magoti hayana nguvu, wifi. Kupanda ngazi siwezi." Nilikuwa nyuma ya mlango. Magoti. Ilikuwa imepita miguu, ilikuwa imefika magotini.

Nimesoma baadaye watu wakiandika kwamba mtoto mwenye usonji yuko katika dunia yake, hana habari na mwenziwe. Huwa naiweka chini karatasi hiyo nikazunguka chumba. Mwaka ule sikuwa na dunia yangu. Nilikuwa na mtu mmoja tu kichwani, tangu kuamka hadi kulala, nikimlinda dhidi yangu mwenyewe.

Shangazi ndiye aliyemwita Ustadhi aje nyumbani kunisomea. Walinikalisha sebuleni, chini ya ile taa ivumayo, chetezo kikawekwa mbele yangu, moshi wa ubani ukanipanda puani na kooni. Ustadhi akaniwekea kiganja utosini. Kila kitu kilikuja kwa pamoja, moshi, mvumo, uzito wa mkono, kisomo, na mayowe yakaanza kupanda kutoka tumboni. Nikamwona Mama amesimama mlangoni, mkono umeshika koo. Hapo niliumwa na hofu kuliko moshi. Nikaukamata mkono wangu kwa meno, nikauma, nikauma, na sikulia. Damu ilidondokea kwenye mkeka. Ustadhi akaacha kusoma. Aliondoa kiganja chake, akanitazama kwa muda, akasema, "Bi Zaituni, ondoa chetezo."

"Amepanda?" shangazi akauliza. "Jini amepanda?"

"Hapana jini hapa. Jini hutisha, haogopi. Mtoto huyu anaogopa."

"Anaogopa nini, Ustadhi? Anakula, analala, hakuna anayempiga."

"Sijui," Ustadhi akasema, akiokota kofia yake. "Hilo mumuulize yeye."

"Hasemi!"

"Basi ngojeni aseme." Akaondoka bila kunywa chai, na shangazi akasema madrasa za siku hizi zimeharibika. Mama alinifunga mkono kwa kitambaa. Nilimwacha afunge kwa sababu alitumia ncha za vidole tu, nami nilizuia pumzi mpaka akamaliza.

Shule zilipofungwa, Mama akawa ananichukua kwenda naye dukani kila siku. Lilikuwa kwenye mtaa wa maduka ya nguo, katikati ya mji, ambako wapiga debe, honi na redio za wenye maduka huanza asubuhi na hazinyamazi. Nilikaa chini ya meza ya kukatia, nikiwa nimejifunika kipande cha pazia. Siku moja ya joto Mama alipanda ngazi fupi kuteremsha jora la hariri kwa ajili ya mteja. Tangu asubuhi alikuwa amesema moyo unamwenda mbio, nami nilikuwa nimehesabu kichwani: kifuani. Akiwa juu, akamwambia shangazi, huku akijipepea kwa ushungi, "Wifi, leo roho imenifika hapa," akagusa koo. Nilitoka chini ya meza. Sikujua natoka kufanya nini. Nilitaka kuona tu. Mama akaanza kushuka, akayumba, akatafuta cha kushika, na alichopata ni kichwa changu. Niliuhisi mkono wake wote, wa moto, umenilemea. Kisha akaanguka.

Jora lilijikunjua likamfunika nusu. Shangazi alipiga ukelele, mteja akakimbilia nje kuita teksi, wanaume wa duka la pili wakaja wakambeba Mama, kichwa kikining'inia. Hakuna aliyenitazama. Teksi iliondoka na shangazi ndani yake. Nilisimama juu ya hariri. Sikulia. Nilikuwa nimeshamaliza kazi niliyosemewa nitaifanya, na nilichokiwaza ni kwamba pengine ilibaki chembe, na chembe hiyo itasalimika ikiwa nitaenda mbali sana.

Nilijua sehemu moja ya mbali. Shangazi alikuwa amenipeleka mara moja Karen, kumfikishia bibi mmoja mapazia, na huko kulikuwa na miti mirefu, nyua ndefu, na hakuna mtu barabarani. Nilidhani mtu akikaa chini ya miti ile hawezi kumdhuru yeyote. Basi nikatoka mjini kwa miguu, mikono masikioni, nikapandisha kilima nikaingia Barabara ya Ngong, nikifuata ukingo wa lami. Malori yalipita yakinitikisa mbavu. Makanga wa matatu walining'inia milangoni wakiita, "Karen! Karen na Ngong! Auntie, unaenda?" na kila walipotaja jina hilo nilijua sijapotea. Mwanamke mmoja alisimama akaniuliza naitwa nani, naenda wapi, mama yangu yuko wapi. Aliposema "mama" nilikimbia. Nilikimbia mpaka kiatu kimoja kikabaki nyuma, na sikurudi kukichukua.

Nilipofika kwenye maduka ya Adams Arcade mvua ilishuka, si manyunyu, mvua ya mawe iliyopiga mabati ya vibanda kwa kishindo ambacho sikuweza kukizuia kwa viganja. Karen ilikuwa bado mbali na sikuweza kuiona barabara. Nyuma ya maduka palikuwa na kibanda cha Mama Nekesa, fundi aliyemshonea shangazi mabuibui, mwanamke mnene wa kutoka Bungoma aliyezungumza peke yake akishona. Nilikuwa nimefika hapo na shangazi mara nyingi. Nikapenya kati ya miguu ya wateja waliojikinga mvua, nikaingia chini ya meza yake, ndani ya rundo la vitambaa, nikajifukia.

Aliniona mvua ilipopungua. "Haiya! Si wewe ni wa kwa Bi Zaituni, wa Satellite? Umekuja na nani? Kiatu yako ingine iko wapi?" Alinitolea soda, nikageuza uso. Alinivuta kidogo mguu, nikajikunja. Basi akanifunika sweta, akaenda duka la dawa la jirani kuomba simu. Shangazi, baada ya kumfikisha Mama hospitalini, alikuwa amerudi dukani na kukuta sipo, na alikuwa akihangaika mtaani akiuliza kila mtu. Simu ya dukani ilipolia, mwenye duka la pili aliipokea, akamkimbilia.

Nilisikia viatu vyake kabla ya sauti yake. "Yuko wapi?"

"Ako hapa chini," Mama Nekesa akasema. "Mimi nimemwambia toka, hataki. Nimempea soda, hataki. Sasa hata mimi nimeogopa, nimemwacha tu."

Shangazi aliinama, uso wake ukatokea chini ya meza, wanja umechuruzika mashavuni. "Rehema! Unataka kutuua?" Akanyosha mkono kunishika. "Toka hapa twende kwa mama yako."

Na mlango ule ambao sikuwahi kujua unafunguliwaje, ukafunguka wenyewe. "Usinipeleke kwa Mama," nikasema.

Mkono wake ulisimama hewani. Hakuwa amewahi kuisikia sauti yangu nyumbani kwake. "Umesema nini?"

"Imebaki kidogo."

"Nini imebaki kidogo?"

"Roho ya Mama. Iko kooni. Nikimgusa itatoka yote."

Mama Nekesa aliondoa mguu kwenye cherehani. Shangazi aliuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuijua. "Nani kakwambia hayo, mwanangu?"

"Wewe. Mlipokuwa mnakunja sambusa."

Shangazi Zaituni alikuwa mwanamke asiyekaa kwenye kiti bila kukipangusa. Alikaa chini, kwenye sakafu yenye matope na nyuzi, na buibui lake jipya. Akaanza kunieleza kwamba watu wakichoka husema vile, kwamba maana yake ni kuchoka tu. Nikamwambia Mama pia alisema, alisema keshatolewa. Akasema Mama pia alikuwa amechoka. Nikauliza, kwa sababu hilo ndilo swali pekee lililokuwapo: "Mlisema uongo?"

Alikuwa mtu wa kuswali, na neno hilo halikuwa dogo kwake. "Ndiyo," akasema. "Tulisema uongo. Mtoto hawezi kumtoa mama yake roho. Hawezi hata akitaka."

"Amekufa?"

"Hajafa. Presha imempanda." Akaona nimeanza kujifukia tena vitambaani, maana nilishaanza kujiuliza inapanda kutoka wapi hadi wapi, akajisahihisha haraka. "Ngoja. Ngoja nikwambie vizuri. Damu inapita mwilini mwake kwa nguvu mno. Daktari amempa dawa ya kuipunguza. Amelala kitandani, macho yake yako wazi, na anauliza Rehema yuko wapi." Hakuwahi kuzungumza nami hivyo, kitu kimoja kimoja. Nikatoka chini ya meza, lakini sikumpa mkono, naye hakuulazimisha.

Hospitalini niligoma mlangoni mwa wodi. Nesi alitaka kunisukuma ndani, shangazi akamzuia kwa bega. Kisha shangazi akaenda kitandani, akainama, akamnong'oneza Mama kwa muda. Nilimwona Mama akifumba macho na kufunika mdomo kwa mkono. Kisha akajilaza sawasawa na kutulia, kama mtu aliyetuliwa na ndege. Nilisogea nikishika ukuta. Miguu yake ilikuwa nje ya blanketi. Nikanyosha kidole kimoja, nikagusa kidole gumba cha mguu wake, nikaruka nyuma hadi ukutani na kulitazama koo. Lilikuwa likipanda na kushuka. Nikarudi, nikagusa tena. Machozi yalikuwa yakimtiririka Mama kuelekea masikioni, wala hakuinua mkono kuyafuta, kwa kuogopa kunishtua.

Ningependa kusema hofu iliisha hapo. Haikuisha. Mwili uliokwisha kujifunza kuogopa hausahau kwa sababu umeambiwa ulidanganywa. Mama alirudi nyumbani na dawa zake, na mimi niliendelea kulala sakafuni, nikiamka kusikiliza kama anapumua. Alasiri moja majirani walikuja kumjulia hali, wameleta mahamri, wamejaa sebuleni, na mmoja alikuwa akimsifu Mungu kwa kumponya. Nikaja nikasimama mbele ya Mama, mbele yao wote, nikauliza: "Mama, utakufa?"

"Astaghfirullah!" akasema mmoja. Mwingine akasema, "Mtoto gani huyu, anamtabiria mamake!"

"Mwacheni," shangazi akasema kutoka jikoni. "Kauliza, ajibiwe."

Mama aliweka kikombe chini. "Nitakufa siku moja," akasema.

"Leo?"

"Siku gani, sijui. Hilo analijua Mungu. Lakini haitakuwa kwa sababu yako. Hilo nalijua mimi."

Taa ilikuwa ikivuma. Niliyapindua maneno yale, nikayatazama kila upande kutafuta kilichofichwa nyuma yake, nikakuta hakuna. Yalikuwa maneno ya kutisha, na yalikuwa ya kwanza mwaka ule kutonitisha. Nikamuuliza tena kesho yake, na kesho kutwa, asubuhi baada ya asubuhi, hata baada ya mimi kurudi kitandani kwake, mpaka mwaka ukaisha na mwingine ukaanza. Mara nyingine alikuwa amechoka, mara nyingine maziwa yalikuwa yakifurika jikoni. Aliacha alichokuwa akikifanya, akanielekezea uso, si machoni mwangu bali penye bega langu, kama nilivyopenda, akanijibu vile vile, bila kuongeza neno wala kupunguza.